Mguu wa Kuchuchumaa

Ijumaa iliyopita nilistaafu, nikarudisha ufunguo wa karakana. Nikapewa keki na saa ya ukutani, na katibu wetu wa sasa akasimama akasema maneno mazuri ambayo nusu yake yalimhusu mtu mwingine. Alisema nilikuja hapa nikiwa muuguzi. Sijawahi kuwa muuguzi. Nilikuwa mshonaji wa viatu katika kiwanda kimoja kule Baba Dogo, na nilikuja hapa kwa sababu walikuwa wanatafuta mtu anayeweza kutoboa ngozi nene bila kuipasua.

Ninyi mnaobaki mmeniomba niandike nilivyofanya kazi na askari waliojeruhiwa kwa miaka yote hii. Habari za vyeo nitaziruka. Nilipandishwa mara mbili, na mara ya pili nilichoongezewa ni mikutano. Nataka kuandika juu ya mguu. Kila nikikumbuka ile miezi ya mguu ule moyo unanienda mbio, hata sasa, na mimi ni bibi wa wajukuu wanne.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Chama chetu cha kuwasaidia askari waliojeruhiwa kilikuwa na chumba kimoja kirefu pale mtaani Mbotela, nyuma ya ukumbi wa mtaa, hatua chache kutoka Jogoo Road. Upande mmoja ilikuwa ofisi, yaani meza na kabati. Upande mwingine ilikuwa karakana, na karakana ilikuwa ya Mzee Gathogo.

Mzee Gathogo alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mtu wa Murang'a. Alikwenda vita vya Burma akiwa seremala wa jeshi, akarudi bila mguu wa kushoto, umekatwa chini ya goti. Hospitalini walimpa mguu wa chuma na mbao. Akauvaa wiki moja, akaufungua vipande vipande aone ulivyotengenezwa, kisha akajichongea mwingine. Tangu siku hiyo akawa fundi wa miguu.

Siku yangu ya kwanza hakuniuliza cheti. Alinipa vipande viwili vya mkanda wa ngozi, kila kimoja unene wa kidole, sindano ya fundi viatu na uzi uliopakwa nta.

"Shona," akasema.

Nikashona. Mishono ilikaa sawa. Alipoupokea ule mkanda aliutazama mbele na nyuma, akautupia juu ya boriti ya dari, akaukamata kwa mikono miwili, akaning'inia. Mzee wa watu, na mguu wake wa mbao unapepea! Boriti ikalia, mkanda haukulia.

"Ungekatika," akasema aliposhuka, "ungerudi Baba Dogo leo leo."

"Ungekatika, wewe ungekwenda hospitali," nikamjibu.

Akacheka. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Asubuhi hiyo hiyo aliingia mtu kuja kupimwa. Alipokunja suruali na kigutu chake kikaonekana, pale mguu ulipokatiwa, mimi nikageuka nikajifanya natafuta mkasi. Mzee Gathogo akangoja mpaka mtu yule alipoondoka.

"Nekesa," akaniambia, "angalia. Hawa watu wamechoka kutazamwa usoni na watu wanaoogopa kutazama chini. Shika kigutu kama unavyoshika kiatu. Kina joto, kina mfupa, kina mahali panapouma na mahali pasipouma. Ukijua hapo pasipouma, umeshapata kazi."

Nilirudi nyumbani nikijaribu kidole kwenye goti langu mwenyewe, hapa panauma, hapa hapaumi, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeanguka.

Sasa niwaambie shida ilikuwa nini. Miguu mingi haikutengenezwa na Mzee Gathogo. Ilitoka ng'ambo, imepakiwa kwenye masanduku na nyasi laini, zawadi ya watu wema ambao hawajawahi kutuona. Ilikuwa mizuri sana. Ilikuwa pia ya rangi ya waridi, kana kwamba mtu ameazimwa mguu na mmishonari. Kazi yetu ilikuwa kuipunguza urefu, kuikaza, kushona mikanda, na kumvalisha mwenyewe. Mtu alitembea chumbani kwenda na kurudi, akasema asante, akatia sahihi, akaenda zake.

Kisha hakuuvaa.

Tulianza kusikia kidogo kidogo. Fulani kaonekana kwenye soko letu la hapa Jogoo Road, lile linaloitwa Burma, anatembea kwa fimbo mbili, suruali imefungwa fundo. Fulani mwingine anakaa ndani siku nzima. Lakini wakiitwa ofisini kukaguliwa, wote wanafika wamevaa miguu, viatu vinang'aa, wanasema haina shida. Katibu wa wakati huo, bwana mmoja mpole aliyependa kuandika, aliandika kwenye ripoti kwamba watu wa Eastlands, yaani mitaa yetu ya mashariki, hawana shukrani. Ripoti ikapanda mpaka kwa kamati. Mwenyekiti wa kamati alikuwa meja mstaafu, mtu mrefu mkavu, naye akatuma ujumbe: kama watu hawavai miguu, hakuna haja ya karakana. Ingefungwa mvua za masika zikiisha. Masanduku yangepelekwa mji mwingine, na wazee wetu wangebaki na vitambulisho vya chama tu.

Tulikuwa na miezi miwili hivi.

Kwa kuwa nilikuwa nakaa karibu, katibu akaniambia nitembelee nyumba kwa nyumba nione. Nikaanza na Koplo Ouma. Huyu hakuwa mzee. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu hivi, alikanyaga bomu la ardhini huko kaskazini katika ile miaka baada ya uhuru, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alikuwa na chumba hapo hapo Mbotela, yeye na mke wake Konsolata, ambaye watu wote walimwita Mama Atieno, na watoto watatu.

Nilimkuta amekaa kitandani. Mguu ulikuwa uvunguni, umefunikwa gunia safi. Kiatu chake kilikuwa kimepigwa rangi mpaka unajiona.

"Koplo, mguu unakuumiza?"

"Hapana, mama. Mguu ni mzuri sana."

"Unateleza?"

"Hauna shida yoyote."

"Basi mbona uko chini ya kitanda?"

Akatazama ukuta. "Naupumzisha," akasema.

Nikanywa chai yao, nikaaga. Mama Atieno akachukua ndoo, akasema ananisindikiza mpaka bombani. Pale bombani akaweka ndoo chini, akatazama kama kuna mwanamume karibu, akaninong'oneza kwa haraka kama mtu anayetoa siri ya serikali.

"Dada, huo mguu hauchuchumai."

"Vipi?"

"Choo chetu ni kile pale." Akanyosha kidevu upande wa vyoo vya jumla, safu ya milango ya bati, nyumba nyingi choo kimoja. "Ni cha shimo la kuchuchumaa, si cha kukalia. Akivaa mguu goti halikunjiki, huko nyuma unamzuia. Kwa hiyo ni lazima auvue. Sasa akiuvua atauweka wapi? Sakafu imelowa. Atasimama mguu mmoja ashike nini? Siku moja aliuweka nje ya mlango, watoto wakauchukua wakacheza nao. Mwanajeshi mzima anapiga kelele chooni arudishiwe mguu. Tangu siku hiyo hauvai. Halafu hali chakula vizuri, anaogopa kula. Unaelewa? Anaogopa kula."

"Lakini mbona hakusema ofisini?"

Akanitazama kama mtoto. "Amwambie nani? Yule bwana wa kalamu? Akuambie wewe, mwanamke?"

Nilirudi karakana nusu natembea nusu nakimbia. Ninawaambia kweli, nilikuwa na aibu na furaha pamoja. Aibu kwa sababu nilishona mikanda ya miguu ile kwa mikono yangu na sikuwahi kujiuliza. Furaha kwa sababu sasa tulikuwa tumejua! Nikamkuta Mzee Gathogo anapiga randa. Nikafunga mlango, nikamweleza yote bila kumtazama, maana hata mimi nililelewa kwa adabu.

Randa ikasimama. Akakaa juu ya benchi. Nikafikiri nimemkosea adabu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha taratibu kilichotoka tumboni.

"Hata mimi," akasema.

"Hata wewe nini, mzee?"

"Hata mimi huuvua. Karibu miaka thelathini! Nyumbani nimejipigilia msumari ukutani wa kuutundikia."

"Na hukusema?"

"Ningeanzia wapi, Nekesa? Jeshini tuliambiwa tuseme tukiumia. Hili si kuumia. Nilidhani ni mimi tu."

Akafuta macho, akachukua mguu mmoja wa sandukuni, akaubana kwenye jiriwa, akaniita karibu. "Njoo tuone adui amejificha wapi."

Hapo ndipo zilipoanza wiki nilizofurahia kuliko zote katika maisha yangu ya kazi. Nilikuwa nafika kabla ya ukumbi kufunguliwa. Adui alikuwa sehemu tatu. Kwanza, lile bakuli ambamo kigutu huingia lilikuwa na ukingo mrefu kwa nyuma, unapanda mpaka juu ya goti, kwa hiyo ukikunja goti unakwama. Pili, kulikuwa na mkoba wa ngozi ngumu unaofungwa paja zima kwa kamba, na vyuma viwili pembeni. Tatu, unyayo ulikuwa wa mbao, haupindi, kwa hiyo ukishuka kisigino kinainuka na unaanguka nyuma.

Mzee Gathogo akakata ukingo wa nyuma, vidole viwili. Goti likakunjika! Tukashangilia. Akasimama, akapiga hatua tatu, kigutu kikazama ndani ya bakuli kama mguu ndani ya gumboti la mtu mwingine, akaangukia kabati la katibu. Katibu akauliza kuna nini. Tukamwambia tunapanga faili.

Siku iliyofuata akakaa akafunga macho, akajibonyezabonyeza kigutu kwa kidole gumba. "Hapa," akasema. Palikuwa chini kidogo ya kifuniko cha goti, pale penye mshipa mnene. "Hapa panabeba. Pabonyeze." Nikapabonyeza kwa nguvu zangu zote. Hakushtuka. Basi tukachukua umbo la kigutu upya kwa plasta, na katika lile bakuli jipya akatengeneza kijukwaa kidogo kwa mbele ili uzito ukae hapo pasipouma. Kigutu kikaacha kuzama.

Lakini sasa mguu ulikuwa unachomoka ukiinua goti. Bila ule mkoba wa paja, ungeushikia wapi? Tulijaribu kamba ya kiunoni. Tulijaribu mkanda wa kuvuka bega, na Mzee Gathogo akafanana na polisi wa gwaride. Siku nne hatukupata kitu. Siku ya tano nilikuwa nakula mkate wangu nje ya ukumbi, akapita msichana mmoja amevaa viatu vya kisigino kirefu, vile vyenye mkanda mwembamba unaozunguka kifundo. Viatu kama hivyo nilivishona Baba Dogo mpaka nikavichukia. Nikavitazama vinaenda. Kisigino kinapanda, kinashuka, kiatu hakichomoki, na kinachokishika ni kile kimkanda tu, kwa kuwa kimekaa juu ya mfupa.

Niliacha mkate kwenye ngazi.

Nilikata mkanda mmoja, mwembamba, laini, nikaushona ili ukae juu tu ya kifuniko cha goti, ncha zake zimefungwa pande mbili za bakuli, nyuma kidogo, mahali ambapo goti likikunjwa mkanda unalegea na likinyoshwa unakaza. Nilishona bila kuinua kichwa. Mzee Gathogo alipouvaa aliinua goti juu kama mtu anayepanda ukuta. Mguu ukamfuata.

"Nekesa!" akasema. "Nekesa! Nekesa!" Hakuwa na neno lingine.

Unyayo aliutatua fundi wa akala pale Gikomba, anayetengeneza kandambili za matairi. Tulimweleza tunachotaka. Hakushangaa hata kidogo. Alikata vipande vya tairi la lori, akavipanga, akavigundisha, akavichonga kwa kisu kilicholowa maji, akatupa unyayo mweusi unaopinda kama unyayo. Haukuhitaji kiatu, wala haukuogopa matope. Akauliza tu, "Wa kulia au wa kushoto?"

Asubuhi tuliyounganisha vyote, Mzee Gathogo alifunga mlango kwa komeo. Akashika ukingo wa benchi. Akashuka. Nilisikia ngozi inalia, tairi linajipinda, na yeye anashuka, anashuka, mpaka nikamwona amechuchumaa sakafuni kama mtu anayeotesha mboga. Akaachia benchi. Akanyosha mikono yote miwili pembeni.

"Tazama," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akapaza, "Tazama!"

Tukacheka mpaka akashindwa kuinuka. Ikabidi nimvute kwa mikono, na tulipofungua mlango tulimkuta katibu amesimama nje na daftari lake, uso umejaa maswali ambayo malezi yake hayakumruhusu kuyauliza. Tukamwonyesha. Nataka niseme ukweli juu ya bwana yule, maana nimemtania: alitazama mara mbili, akararua ukurasa wa ripoti aliyokuwa anaiandika, akauliza, "Kamati ije lini?"

Koplo Ouma tulimtengenezea wa pili. Alikuja kwa sababu mke wake alimleta. Hatukumwambia ni wa nini. Mzee Gathogo alimvalisha tu, akamwingiza nyuma ya pazia wawili peke yao. Mimi na Mama Atieno tukangoja. Kisha tukasikia sauti ya Ouma, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, anasema, "Wee!" Mama Atieno akajifunika uso kwa kanga.

Kamati ikaja Jumamosi moja asubuhi, wanaume watano na mwanamke mmoja, mvua ya manyunyu inaanguka na uwanja wa nyuma umekuwa tope. Walikuwa wamekuja kufunga. Hilo lilionekana; mmoja alikuwa tayari ameshaanza kuhesabu viti. Katibu akawaeleza kwa ufasaha, kwa maneno ya kitabibu, kwamba kifaa kipya kinaruhusu mkunjo kamili. Mwenyekiti akasikiliza, mikono nyuma.

"Maneno ni mazuri," akasema. "Nionyesheni."

Tukamtazama Koplo Ouma. Alikuwa amevaa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi. Akasimama, akapiga hatua mbele, akasimama wima. Na hapo akakataa.

"Hapana, afande," akasema.

"Hapana nini?"

"Sitachuchumaa mbele ya watu. Mimi ni koplo. Si mtu wa sarakasi."

Mzee Gathogo akafungua mdomo, nikamshika mkono. Maana Ouma alikuwa na haki, na mimi nilijua ana haki, na karakana yetu ilikuwa inakufa mbele ya macho yangu kwa sababu mtu alikuwa na haki. Mwanamke wa kamati akachukua mkoba wake. Mwenyekiti hakusogea.

Ndipo Ouma akavuta pumzi. "Lakini, afande," akasema, "naomba ruhusa niende choo."

Mwenyekiti akamtazama. "Ruhusa umepewa."

Ouma akageuka kijeshi. Akatoka mlangoni, akashuka ngazi tatu bila kushika kitu, akaingia kwenye tope. Kamati nzima ikamfuata mpaka barazani bila kuambiwa. Tope lilifika kifundoni. Unyayo wa tairi ukazama, ukatoka, ukazama, ukatoka. Akina mama waliokuwa bombani wakaacha ndoo zao. Akafika kwenye ile milango ya bati, akachagua wa katikati, akaingia, akafunga.

Tukangoja.

Sijui kama mmewahi kusimama kwenye manyunyu na meja mstaafu, bibi mmoja mwenye kofia, katibu na Mzee Gathogo, wote mnatazama mlango wa choo kwa heshima kama ni mlango wa kanisa. Hakuna aliyekohoa. Nilikuwa namsikia Mama Atieno nyuma yangu anasali kwa Kijaluo. Dakika zikapita. Bibi wa kofia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yuko salama?" Nikamwambia, "Anachukua muda wake, mama. Ana miaka hajauchukua."

Tukasikia kopo la maji linamwagwa. Mlango ukafunguka.

Koplo Ouma akatoka amesimama wima, shati bado jeupe, mguu mahali pake. Hakututazama. Akaenda bombani, akina mama wakampisha, akanawa mikono polepole, mpaka kati ya vidole, akaikung'uta. Kisha akavuka tope akarudi, akasimama mbele ya mwenyekiti, akapiga saluti.

Mwenyekiti akairudisha. Saluti kamili, mgongo umenyooka, na mvua inamchuruzika puani.

"Koplo," akasema, "nimeketi kwenye kamati hii muda mrefu. Mbona hakuna aliyetuambia?"

"Hakuna aliyetuuliza tunaishi wapi, afande."

Kamati haikurudi ndani kupiga kura. Mwenyekiti aliuliza pale pale barazani ni wangapi wanaohitaji, na Mzee Gathogo akaanza kutaja majina. Alitaja bila kuangalia karatasi, jina na mtaa, jina na mtaa, Makongeni, Maringo, Ofafa, Bahati, katibu anaandika mbio mbio, mpaka mwenyekiti akainua mkono akasema, "Inatosha. Anzeni Jumatatu."

Ndugu zangu, Jumatatu ilifika! Kulikuwa na foleni kutoka mlangoni mpaka barabarani. Wazee wa vita vya Burma waliokuwa hawajaonekana miaka walikuja kwa mikokoteni, kwa migongo ya watoto wao wa kiume, kwa basi. Walikuwa wanacheka. Siri ile ilikuwa imetoboka, na wanaume waliokuwa kila mmoja amejipigilia msumari wake ukutani walikuwa wanasimuliana wazi, kila mmoja anadai wake ulikuwa mrefu kuliko wa mwenzake. Tulifanya kazi mpaka vidole vyangu vikawa na sugu ambazo ninazo mpaka leo.

Mwaka uliofuata tukaenda baraza la jiji. Mguu pekee hautoshi, waliokatwa juu ya goti ulikuwa haujawasaidia bado, nao walihitaji chuma cha kushika ukutani. Ofisa mmoja wa nyumba alituambia barua imepokelewa. Aliposema hivyo kwa mwezi wa tatu mfululizo, Koplo Ouma na wenzake kumi na mmoja walikwenda wakakaa kwenye benchi la mapokezi, kwa adabu, na kila baada ya muda, mmoja wao akawa anaomba kuonyeshwa choo. Vyoo vya ofisi vilikuwa ghorofa ya pili. Siku ya tatu ofisa alikuja Mbotela mwenyewe na futi ya kupimia. Vyuma vile vya kwanza bado vipo, vimepakwa rangi ya kijani, mkipita vitazameni.

Ouma alipata kazi ya ulinzi, kisha akaiacha akawa mwenzetu, yule mnayemjua kama Mzee Ouma wa vipimo, anayewafokea. Mzee Gathogo alifariki mwishoni mwa miaka ya sabini, kwao Murang'a, kwa homa ya mapafu. Tulimzika na mguu wake umevalishwa. Mke wake alisema hakuuvua tena tangu ile asubuhi, isipokuwa wakati wa kulala. Nililia njia yote ya kurudi, kisha nikafika karakana nikakuta watu watatu wananingoja wakiwa wamekunja suruali, nikanawa uso.

Wengi wenu nimewafunza mimi, na wote mnakumbuka nilivyowafungia ubao nyuma ya goti siku ya kwanza nikawapeleka kwenye vyoo vya jumla mkajaribu. Baadhi yenu mlinichukia. Kijana mmoja mwenye diploma alianguka, akainuka, akaniita mama kwa lugha ya vijana: "Mathe, nimeelewa." Sikumfundisha kitu kingine wiki hiyo. Endeleeni na ubao. Msione haya kuuliza mtu anakula nini, analala wapi, anakwendaje haja. Akikuambia hauna shida, muulize mke wake. Uzi pakeni nta mara mbili. Na mkisikia mtu anaandika kwamba watu fulani hawana shukrani, vaeni viatu mkatembelee nyumba zao kabla wino haujakauka.

Mtu wangu wa mwisho alikuwa Jumatano, siku mbili kabla ya ile keki. Askari wa miaka ishirini na mitano, lori lilipinduka wakiwa mazoezini, mguu wa kushoto. Anakaa Kayole, kwenye hizo nyumba mpya zinazoota kila wiki, ghorofani. Alikuja na magongo mawili ya mbao na uso uliofungwa. Nilimvalisha, nikakaza mkanda juu ya goti, nikamwambia ashuke. Akashuka. Nikamwambia ainuke. Akainuka. Nikamwambia azunguke chumba mara mbili, halafu aende nje hadi ukutani arudi, nimwone akikanyaga.

Akaenda hadi ukutani. Hapo akasimama kidogo, anautazama mguu. Kisha basi la Kayole likapiga honi pale Jogoo Road, naye akageuka, akaanza kutembea kuelekea kule, halafu haraka, halafu, naapa, akaanza kukimbia, mbio mbaya zisizo na mpango, mikono huku na huku.

Nikatoka na magongo yake. "We! Kijana! Magongo yako!"

Akageuka akiwa mlangoni pa basi, meno yote nje. "Kaa nayo, mathe!" akapiga kelele. "Nimechelewa!"

Basi likaondoka naye. Nilisimama pale na magongo ya mtu mikononi, nacheka peke yangu kama mwendawazimu, na wapita njia wananikwepa.